Kobe Aliyeletwa na Dada Yangu

Mwaka wangu wa pili wa ualimu, huko Kagoma, niliarifiwa kwamba mkaguzi wa shule, Mzungu, angekuja kunisikiliza nikifundisha. Nikachagua somo la kobe. Kitabu nilikuwa nacho. Kobe mwenyewe nilimwomba dada yangu mkubwa, aliyekuwa akichota maji bondeni kila siku. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyebaki kwenye migomba na mibuni ili mimi nisome.

Siku ya ukaguzi dada alifika darasani asubuhi na kapu kichwani, miguu imejaa tope. Ndani ya kapu alikuwamo kobe wa maji, mweusi, bapa, ananuka vibaya. Nilimweka mezani nikasoma kitabuni: kobe akiogopa huvuta kichwa ndani moja kwa moja.

"Huyu sivyo," dada akasema kutoka mlangoni. "Anakunja shingo ubavuni. Tena bondeni wako wa namna mbili. Huyu gamba lake la kifuani linafunga kama mlango. Yule mwingine hana mlango, hata akijificha kichwa unakiona."

Sikumtazama kobe. Nilimtazama mkaguzi, aliyekuwa ameketi nyuma ya watoto, nikaona aibu kwa ajili ya miguu ile yenye tope.

"Dada, hapa ni darasani," nikamwambia. "Wewe umesoma wapi?"

Watoto wakacheka. Dada akainamisha macho, akaokota kapu lake, akaenda zake.

Mkaguzi akainuka, akamgusa kobe puani kwa kalamu. Shingo ikajikunja ubavuni, kisha gamba la kifuani likapanda, likafunga. Akampindua, akamchungulia, akaandika.

"Mama yule amesema kweli," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Akanipa mkono. "Vizuri sana, Mwalimu, kumwita mtu anayejua. Ulipanga hivyo?"

"Ndiyo, bwana," nikajibu.

Kwa somo lile nilihamishiwa shule kubwa ya Bukoba mjini, nikapewa nyumba ya bati. Siku ya kuondoka nilipita nyumbani. Dada alikuwa akimenya ndizi. Njiani nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi, lakini nilipofungua kinywa nilijikuta namsimulia habari za nyumba mpya.

"Vyema, Mwalimu," akasema, kisu hakikusimama.

Maisha yote alikuwa ameniita "mdogo wangu". Aliishi miaka mingi baada ya hapo, tukikutana misibani na arusini, na hadi anakufa hakuniita hivyo tena. Wala mimi sikuwahi kumwambia kwamba alikuwa sahihi.