Vitabu Vilivyotafunwa

Kwenye maktaba yetu kuna mtu anayeogopwa kuliko hata mkuu wa maktaba, naye ni Mama Gundi. Kazi yake ni kutengeneza vitabu vilivyochanika: kushona kurasa, kubandika majalada, kunyoosha pembe zilizokunjika. Ameifanya miaka ishirini na sita katika chumba cha nyuma chenye dirisha moja, na vidole vyake vina gundi iliyoganda ambayo hata sabuni imeikatia tamaa. Mimi nakaa meza ya mbele, nagonga mihuri. Kitabu kikirudi na doa, mimi ndiye ninayetolewa macho.

Kazi yake ya pili, anayoipenda zaidi, ni kuchagua vitabu vya picha vya watoto wadogo, wale wa kubebwa na wale wanaojifunza kutembea. Kila mwisho wa mwaka anachuchumaa mbele ya rafu yao ya chini kabisa na kuandika orodha: hivi vibaki, hivi vitolewe. Kanuni yake ilikuwa moja. Kinachorudi safi ni kitabu kizuri. Kinachorudi kimetafunwa kinaingia kwenye sanduku chini ya meza yake, kikisubiri kutupwa, na kwenye kadi yake anaandika neno moja tu: Kimeharibika.

"Mdogo wangu," aliniambia siku moja, "kitabu kikiwa kizuri, hata mtoto anakionea haya."

Nilikubali. Nani abishane na Mama Gundi kabla ya chai ya saa nne?

Mwaka huu binti yake alikuja kwa mafunzo ya kazi ya wiki tatu, akamletea mjukuu wa mwaka mmoja na miezi minne. Mtoto huyo alizaliwa mbali, na bibi yake alikuwa amemwona mara moja tu, akiwa bado mchanga. Mkuu wa maktaba aliruhusu bibi na mjukuu washinde chumba cha nyuma, mama mtu akiwa mafunzoni. Mama Gundi alitandika zulia dogo, akanawa mikono mara mbili.

"Wiki tatu tu," aliniambia. "Nataka aondoke hapa ananijua. Nimechoka kuwa sauti ya kwenye simu."

Alimchagulia vitabu vitano, vilivyo bora kwenye rafu nzima. Milima ya rangi za maji, twiga wakati wa machweo, mistari saba ya maneno kila ukurasa. Akampakata mjukuu, akaanza kusoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Kufika mstari wa tatu mtoto alishateleza kama samaki, yuko kwenye vifuniko vya makopo ya gundi. Cha pili, vilevile. Alipojaribu kumshika asitoroke, mtoto aliangua kilio kilichowafikia wasomaji wa magazeti kule mbele.

Siku tisa zikapita hivyo. Alimlisha, alimbadilisha nepi, alimlaza, lakini mtoto akiamka alimtazama kama unavyomtazama karani wa benki. Jioni mama yake akitokea mlangoni, mtoto mbio kumlaki. Bibi alibaki na zulia lake.

"Labda mimi si mtu wa watoto," aliniambia siku ya kumi. "Nami ndiye niliyewachagulia vitabu miaka yote hii."

Iliniuma. Huyu si mtu wa kusema labda.

Kesho yake niliingia kumpelekea chai, nikamkuta ameinamia kitabu kinene cha sheria. Mtoto alikuwa chini ya meza, anapekua lile sanduku. Akatoka na kitabu kidogo cha karatasi ngumu, hakina jalada, pembe zote nne zimetafunwa mpaka zimelainika. Kila ukurasa ulikuwa na picha moja kubwa na neno moja. Kiatu. Mbwa. Kikombe.

"Hicho kichafu, mjukuu wangu, lete," alisema Mama Gundi, akinyoosha mkono.

Mtoto akampa kisogo. Nikadhani ndiyo kawaida yake. Kumbe alikuwa anarudi kinyumenyume, hatua moja moja, kitabu kifuani, mpaka makalio yakagusa miguu ya bibi yake. Hapo akasimama, akasubiri kupakatwa.

Mama Gundi alimwinua taratibu sana. Akafungua ukurasa wa kwanza.

"Kiatu," alisoma, kwa sauti yake ya kawaida.

Mtoto akainua mguu. Akasomewa tena, akauinua tena, akacheka. Kisha akakionyesha kwa kidole kiatu cha bibi, kisha changu. Kwenye picha ya mbwa, Mama Gundi alibweka. Nasema nilichokisikia kwa masikio yangu.

Halafu mtoto akatia pembe ya kitabu mdomoni. Mkono wa bibi ulikwenda kumzuia, ukakwama hewani. Alikuwa anazitazama alama za meno za watoto wengine, ndogo ndogo, zimejaa ukingo mzima.

"Hiki kimeazimwa mara ngapi?" aliniuliza.

Nilileta kadi. Mihuri ilijaa mbele na nyuma. Nikaleta na za vile vitano: kimoja mara mbili, viwili mara moja moja, vilivyobaki havijawahi kutoka. Usafi wa vitabu hivyo ulikuwa usafi wa sahani isiyoliwa.

"Walichokipenda ndicho nilichokitupa," alisema polepole. "Miaka yote."

Mihuri ile niliigonga mimi kwa mkono wangu, na sikuwahi kuitazama.

Wiki hiyo alivitoa vitabu vyote sandukuni, akavipangusa, akavishonea pembe kitambaa kigumu, akavirudisha rafuni. Orodha aliiandika upya na kumwambia mkuu mbele yetu sote kwamba ya zamani ilikuwa kosa lake. Kwenye kadi ya kile kidogo alikata Kimeharibika, akaandika Kimesomwa.

Siku ya kuondoka binti yake alifika na mabegi, teksi ikingoja nje. Mtoto akamkimbilia kama kawaida. Katikati ya chumba akasimama, akarudi kwenye zulia, akaokota kitabu, akageuza mgongo na kuanza kurudi nyuma.

"Mama, tutachelewa," binti alisema.

"Kurasa nane tu," alijibu Mama Gundi, akikaa.

Teksi ikapiga honi.

"Kiatu," alisoma, na mguu mdogo ukainuka.