Onyo Lililosomwa na Mtu Mmoja

Chama cha wakulima wa upande wetu wa Kimulot kiliniomba nitengeneze programu ya kuwaonya watu wanaolima kandokando ya mto. Kipimo cha maji kilikuwa tayari kimefungwa huko juu, karibu na msitu wa Mau. Programu yenyewe ilikuwa ndogo. Ingekaa kwenye seva za kukodi, mbali na hapa, imelala. Kipimo kikituma habari ingeamka, itume ujumbe kwa simu za watu, kisha ilale tena. Niliiandika kwa lugha kali ya programu, ile ambayo kompyuta huikagua na kuigeuza yote kuwa lugha yake kwanza ndipo ikubali kuiendesha.

Mchana huo nilikuwa bado naijaribu nyumbani, kwenye kompyuta yangu. Nilichoka kuilisha namba za kubuni, nikaiunganisha na kipimo chenyewe. Ikaandika: HATARI. MAJI YANAPANDA. ONDOKENI.

Nje jua lilikuwa linawaka juu ya mashamba ya chai. Nikadhani nimekosea mahali. Nikapitia hesabu, nikaijenga programu upya, na kompyuta haikulalamika. Onyo likarudi, namba ikiwa juu zaidi. Ndipo nikakumbuka kwamba simu za watu hazijaunganishwa. Onyo lile nililiona mimi peke yangu.

Nikampigia shangazi, anayeishi karibu na msitu. Alisema mvua ya mawe inawapiga tangu asubuhi, na hanisikii vizuri kwa kelele za mabati.

Mama alikuwa ng'ambo ya mto akikata majani ya nepia ya kulisha ng'ombe. Simu yake aliiacha mezani ikichaji.

Nilikimbia. Mto ulikuwa umegeuka rangi ya udongo, na daraja la mbao lilitetemeka nikilivuka.

"Mama, twende. Maji yanakuja."

Akatazama juu. "Maji gani na jua hili? Ngoja nifunge mzigo."

Nikamshika mkono nikamvuta, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia. Tukapanda mlima upande ule ule, maana daraja sikuliamini tena. Hatukufika mbali. Mto ulinguruma, ukaja na magogo, ukabeba daraja na nepia yote. Ng'ombe wa jirani aliyefungwa ukingoni alilia mara moja tu.

Mama aliuliza, "Na wale wa chini?"

Nilimpigia mwenyekiti wa chama, naye akaanza kupigia nyumba moja baada ya nyingine. Watu walitoka wote.

Kesho yake, baada ya kuzunguka mbali hadi nyumbani, niliipandisha programu kwenye seva na kuunganisha simu zote. Ujumbe wa kwanza ulikuja Jumapili tukiwa kanisani. Simu zililia pamoja, mhubiri akafunga Biblia, na watu wakaanza kutoka.