Swali Langu la Kola

Nilijifunza kushona kwenye simu, hapahapa Bariadi, bila kukaa kwa fundi yeyote. Tulikuwa na kundi la humo simuni la mafundi cherehani wa mkoa wetu, na humo alikuwamo dada mmoja wa Nyashimo ambaye ukimuuliza kitu anakuandikia mpaka kidole kinachoka kupandisha maandishi. Unamjibu, naye anakujibu, wengine wanaingia na yao, na huko jikoni mboga inaungua.

Sasa kundi limejaa alama za vidole gumba na picha za maua ya kutakiana siku njema. Nilijiambia watu wana shughuli, wako shambani wanachuma pamba.

Juzi kola ya shati ikanishinda. Kila nikiigeuza, ncha moja inatoka ndefu kuliko mwenzake. Nikaandika swali, nikalifuta, nikaliandika upya. Nikapanga aya. Nikaeleza kitambaa, nilivyokata, yote niliyojaribu na kwa nini kila moja lilishindikana. Nikalituma.

Dada akaweka kidole gumba.

Muda si mrefu akaingia binti mgeni kutoka Ngulyati na picha ya gauni yenye ukungu, akaamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka mayu. Huu mkono mbona unakataa?"

Dada akamuuliza alikataje, akamtania kwamba ameshonea mtu mwenye bega moja. Binti akacheka, akauliza tena. Mazungumzo yakawa marefu kama yale yetu ya zamani, nami nayasoma kwa wivu. Nilitafuta makosa katika maandishi ya yule binti. Niliyapata mengi, wala hayakunisaidia.

Nikamfuata dada pembeni, nikamuuliza nimemkosea nini.

"Hujanikosea, mdogo wangu," akaandika. "Ila wewe unauliza na kujijibu humohumo. Nikimaliza kukusoma sioni pa kuingilia. Yule ananiachia kazi."

Nikaanza kumweleza kwamba sivyo, kwamba mimi ndiye niliyekuwa namngoja kuliko wote. Sentensi ya kwanza haikukaa vizuri, nikairudia. Nikiwa bado natafuta neno, nikaona kule kundini dada anaandika. Nikaacha ya kwangu ikiwa nusu, nikaenda kusoma anamwambia nini yule binti.