Bado Inashtuka
Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe peke yake ndiye aliyejua kwamba hakuna alichowahi kumaliza kutengeneza. Kila asubuhi alichuchumaa uani, sikio karibu na kabureta ya pikipiki yake, vidole vyeusi vikizungusha skrubu kidogo kidogo kama mtu anayemkuna mtoto aliyelala. Pikipiki ile, ukiipa mafuta taratibu, ilishtuka, ikajikwaa, ikazimika. Mkewe akiomba apelekwe kwa mama yake anayeumwa, alijibiwa kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya: "Bado inashtuka, mama watoto. Itatuaibisha njiani." Basi mke akaenda kwa miguu, akarudi kwa miguu.

Siku moja, akiwa anaanua mashuka, aliisikia imetulia, inanguruma chini chini bila kukatika. Mumewe naye alisikia. Akatazama dirisha la jikoni, akaona hakuna mtu, akairudisha skrubu nyuma. Injini ikafa. Mkewe alitokea nyuma ya mashuka, akamnyang'anya bisibisi, akaikaza skrubu, akapiga kiki, ikatulia tena. Akakaa kiti cha mbele.

"Panda nyuma," alisema. "Mkweo anakuulizia."