Mbuzi Niliyoifukia

Binti alipofika kwetu Mahurunga na brashi, nilimtazama mikono kabla ya uso. Mara ya mwisho mtu wa serikali kuja na rangi, ukuta wa jirani yangu uliandikwa X nyekundu, kisha likaja tingatinga.

"Shikamoo babu. Nimetumwa nichore vyombo vya nyumbani kwa rangi za maji, visije vikasahaulika. Kinu, ungo, mbuzi ya nazi."

"Marahaba. Na ukishachora?"

"Picha zinakwenda makumbusho. Vyombo vinabaki, babu."

Hata jirani aliambiwa atabaki.

Mke wangu alikuwa ameshaingia ndani kuchukua mbuzi yake. Baba yake, mchonga vinyago, aliichonga kwa ajili ya ndoa yetu: kiti chenye shingo ya mjusi, na ulimi wa chuma wa kukunia nazi ukitokeza kinywani. Hakuwa na kitu kingine cha marehemu. Alitaka ichorwe kuliko chombo chochote.

Akatoka mikono mitupu. "Baba watoto, mbuzi yangu iko wapi?"

"Labda imekwenda malishoni."

Binti akacheka. Mke wangu hakucheka. Siku mjumbe alipotuarifu juu ya mgeni huyu wa vyombo, nilikwenda kwa siri kuifukia shambani, kwenye mihogo, isije ikachukuliwa.

Nikamletea binti ndoo ya plastiki. Ilikuwa nyekundu, na kila alipochovya rangi hiyo niliangalia ukuta wangu.

Aliondoka bila kuandika X. Bado sikuamini. Niliacha masika yapite ndipo nikafukua. Mchwa walikuwa wamekula mti wote. Kilichotoka ni ule ulimi wa chuma. Nikaupeleka kwa mke wangu, nikamweleza yote. Aliufuta udongo kwa kanga.

Binti aliporudi kutuonyesha picha ya ndoo, mke wangu akamwekea kile chuma mkekani.

"Mwanangu, chora hiki pia."

"Na mti wake, bibi? Ukinieleza ulivyokuwa, nitauchora."

"Usichore usichokiona. Acha nafasi yake." Akanielekezea kidevu. "Au mchore huyu babu yako. Ndiye mbuzi aliyebaki."

Binti aliinama kuficha kicheko. Akachora ulimi wa chuma sehemu ya juu ya karatasi, chini pakabaki peupe. Nikamwomba aandike hapo kwamba aliyeifukia ni mimi.

Mke wangu akamshika mkono.

"Hapo pana mwenyewe," alisema. "Ni pa baba."