Bi Kurasa na Skripti ya Mumewe

Kwenye benki ya damu walimwita Bi Kurasa, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonesha. Yeye ndiye aliyeandika faili la mtindo, lile linalochukua data kavu ya XML, maandishi matupu ya kompyuta, na kuipa jedwali na rangi ili wauguzi waisome kwenye kivinjari. Lakini mtindo haukujua kuhesabu siku, na damu ni kitu cha kuharibika. Ndipo mumewe, aliyekuwa mwandishi wa programu chumba cha pili, alipoipachika skripti yake, mistari ya maagizo kwa kompyuta, humo humo ndani ya faili la mkewe. Ikawa inapiga hesabu ya siku za kila mfuko wa damu, na uliokwisha muda unageuka mwekundu. Wenzao waliwatania kwamba hata kazini wanalala kitanda kimoja.

Mambo yalikwenda hivyo miaka mingi. Kisha mume akapigwa na kiharusi. Mwili ulirudi nusu, kumbukumbu ikagoma.

Zilipoletwa kompyuta mpya, kivinjari cha zamani hakikuwamo. Vivinjari vipya viliusoma mtindo, ila skripti iliyopachikwa ndani havikuitambua. Ukurasa ukafunguka mweupe pe. Mkuu wa benki, mtu mpole asiye na makuu, alimwomba Bi Kurasa aitoe skripti ile na kuiandika upya nje ya mtindo. Akakubali. Angesemaje kwamba hajui kilichomo nyumbani mwake mwenyewe?

Kumbe hakujua. Mumewe alikuwa amefupisha kila jina kuwa herufi moja, bila neno la maelezo. Bi Kurasa alifumua, akafuma, akafumua tena, hadi ukurasa ukaonekana, naye akatembea kifua mbele. Haikupita wiki, muuguzi wa zamu akaja na mfuko wa chembe za kugandisha damu, zile zisizokawia kuharibika. Ukurasa ulisema mzima, lebo ilisema umekwisha muda. Mgonjwa alikuwa ameshaandaliwa; bado kidogo tu atundikiwe. Muuguzi hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi.

Jumamosi asubuhi aliketi na mumewe sebuleni, akamwekea kompyuta mapajani na kumwonyesha mistari yake. Mume aliinama, midomo ikicheza, kidole kikishuka polepole kwenye kioo.

"Aliyeandika hii ana kichwa," alisema mume. "Hii k hapa si siku. Hii ni..."

Kidole kikasimama. Mke alingoja, akamtajia mifuko, akamtajia chembe, akamtajia chumba cha pili. Mume alitikisa kichwa kwa huruma, kama anayemsikitikia mtu aliyepotea njia.

"Muulize mwenyewe, dada. Yeye atakuwa anakumbuka."

"Nitamuuliza," alisema mke, akaifunga kompyuta.

Mkuu hakuwa na la kufanya ila kununua mfumo mwingine. Waliouleta walifuta faili lile bila hata kulifungua. Bi Kurasa alihamishiwa mapokezi, anapowaandikisha wachangia damu na kuwaonyesha viti, na wafanyakazi wageni hawajui jina lile lilitoka wapi.

Jioni humlisha mumewe uji kwa kijiko. Akishiba, mume hufuta midomo na kumshukuru kwa adabu zote, kisha humwuliza kama kwao ni mbali.