Samaki wa Kupigiwa Picha

Rahab hakuomba bwawa. Tuanzie hapo, maana watu wa mradi wa ufugaji samaki wanapenda kusema wakulima wenyewe ndio walioomba. Alichotafuta ni dawa ya mjukuu wake Kui, mtoto wa miaka mitatu ambaye nywele zake zilikuwa zinageuka nyekundu na miguu kuvimba. Muuguzi wa zahanati akamwambia mtoto hana haja ya dawa, ana njaa ya mayai, nyama, samaki. Pale kwao Mau Narok, juu mlimani, viazi havikosekani. Kinachokosekana ni cha kulia navyo.

Mwezi huohuo akaja Hiram, afisa wa mradi, akasema wafadhili watamchimbia bwawa la samaki, na baada ya miezi minane atakuwa anavua kitoweo nyumbani. Rahab akatoa kipande chake kizuri cha shamba, kile cha karibu na kijito. Lakini aliuliza: huku asubuhi baridi huchoma majani ya viazi mpaka yanakuwa meusi, je, hao samaki wataiweza? Hiram akacheka, akamwita shosho, yaani bibi, akamwambia asiwe na wasiwasi, samaki havai sweta. Tilapia walikuwa wanafanya vizuri sana kule bondeni. Kule bondeni! Mtu amepanda mlima koti limefungwa mpaka shingoni, na bado haoni kwamba juu kuna baridi. Hiyo elimu aliisomea wapi?

Bwawa likachimbwa, vifaranga vya tilapia vikatiwa ndani. Miezi minane ikapita, ikafika kumi na minne. Rahab aliwalisha samaki wale asubuhi na jioni, wala hakukosa siku, na wakabaki urefu wa kidole. Tilapia ni samaki wa maji ya joto. Maji yakiwa baridi hawezi kula sawasawa, na asiyekula hakui. Jirani yake Kihara, aliyewahi kuchunga mabwawa ya trauti, alimwambia ingefaa aletewe trauti, samaki wa maji baridi yanayotembea. Kijito kilikuwa palepale, Hiram akikiruka kila akija. Rahab akampigia Hiram simu, akajibiwa kwamba ripoti itaandikwa. Haya, iandikwe. Kui anakula ripoti?

Halafu wafadhili wakataka picha za mavuno. Hiram akafika na mpiga picha na sanduku la barafu. Ndani mlikuwa na tilapia mmoja mnene, amenunuliwa sokoni Nakuru asubuhi ile, amekufa macho wazi. Rahab akaambiwa avae gambuti, aingie bwawani, amwinue samaki juu na atabasamu. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua wanatazama. Hasira ilimpanda Rahab mpaka masikio yakawaka moto. Mimi ningemzaba Hiram shavuni kwa samaki huyo huyo. Yeye alimtazama Kui, aliyekaa mlangoni na miguu yake iliyovimba, akaingia majini.

Hiram akasimama kando yake, akaiambia kamera kwamba huyu ni samaki wa Mama Rahab, amefugwa katika bwawa hili hili, kwa afya ya familia yake. Alisema bila aibu, kifua mbele. Picha zilipokwisha akanyoosha mkono arudishiwe samaki. Kulikuwa na mashamba mengine matatu ya kupigwa picha siku hiyo, na samaki alikuwa huyo huyo mmoja.

Rahab hakumpa.

"Umesema ni wangu," akamwambia. "Kama si wangu, washa hiyo kamera tena, useme ni wa nani."

Hiram akawatazama majirani. Akamtazama mpiga picha, naye akajitia kufuta kamera yake. Mwishowe akabeba sanduku lake la barafu tupu, akaingia garini bila kuaga.

Rahab alimpara samaki yule kwa kisu cha kumenyea viazi, vibaya, magamba yakitapakaa jikoni kote, akampika na kitunguu. Kui alikula akalamba mpaka miiba. Ulikuwa mlo mmoja wa samaki katika miezi kumi na minne, na hata huo bibi yake ilibidi aunyang'anye.